Ndiyo ya Upande Mmoja

Jumamosi soko la Talamahu hujaa tangu alfajiri, kwa kuwa Jumapili mji wetu mkuu wa kisiwani, Nuku'alofa, hufunga milango yote, na aliyesahau kununua viazi vikuu vyake atashiba nyimbo za kanisani. Watu walikuwa wakipigana vikumbo baina ya matikiti na mafungu ya majimbi. Toakase alikuwa mezani pake, chini ya kamba zilizoning'iniza kiekie, ile mikanda ya majani ya mkadi yenye vishada virefu ambayo wanawake hujifunga kiunoni kwendea kanisani. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitatu, mwili umemkaa, gauni la kijani lenye maua meupe, nywele amezibana kisogoni kwa kitana cha gamba la kobe.

Ndipo akapita mwanamume aliyebeba kisanduku cha vifaa. Alikuwa ametoka kutengeneza jokofu la wauza samaki na harufu yao alikuwa nayo bado. Mrefu, shati la samawati limepigwa pasi mpaka mikono inakata, msuli mweusi, na mkeka mwembamba wa kiunoni, vazi la heshima kwetu, umefungwa kwa adabu.

"Karibu, bwana," Toakase akamwita. "Mkeo tumfungie hii ya kahawia?"

"Sina mke, dada. Napita tu."

Mdomo ulisema hivyo, lakini unyusi wa kushoto ukapanda juu, na chini yake jicho likafumba. Na huku kwetu unyusi ukipanda mtu amekubali, wala hana haja ya kupoteza mate. Toakase akaitoa kiekie kambani, akaikunja.

"Na hii yenye shanga?"

"Nimesema napi..." Unyusi juu. Jicho likafumba.

"Na hii nyeupe, ya sikukuu?"

Juu tena. Safari hii mpaka pembe ya mdomo ilivutwa, kama mtu anayecheka upande mmoja.

"Dada, mbona unafunga? Mimi sijanunua kitu!"

"Umekubali mara tatu mchana kweupe. Vasa! Huyu bwana amekubali, hakukubali?"

Vasa alikuwa jirani yake wa meza, muuza mananasi, mwanamke ambaye hakupitwa na jambo. "Amekubali," akasema bila kuacha kumenya. "Na juu yake amekukonyeza. Mimi shahidi hata mbele ya hakimu."

Mwanamume akajishika shavu la kushoto kwa kiganja, akawatazama mmoja mmoja, kisha akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akalipa. Akaondoka na kiekie tatu za kike chini ya kwapa, yeye kapera wa miaka arobaini na sita, na soko zima likamsindikiza kwa macho.

"Mkonyezaji huyo," Vasa akasema. "Jihadhari, shoga."

Toakase akajifanya anapanga vishada. Tangu azikwe marehemu mumewe, hakuna mtu aliyemkonyeza. Masikio yalikuwa yakimwaka moto.

Jumatatu alirudi. Jokofu halikuwa na kasoro, lakini alisema lazima lisikilizwe linavyopumua. Jumatano akaja kulisikiliza tena. Jina lake Uaisele, fundi majokofu, mwelekezaji wa kwaya katika kanisa la kijijini kwao Ha'ateiho. Ijumaa akaomba namba ya simu, na kuanzia hapo kila jioni simu ya Toakase ililia chungu kikiwa kingali jikoni.

"Umekula, ua langu?"

"Nimekula jimbi na samaki."

"Mimi nimekula na sikushiba. Chakula cha peke yangu hakina chumvi."

"Nenda zako! Wangapi umewaambia hivyo?"

"Wengine wote ni majokofu. Hawajibu."

Kwenye simu Uaisele alikuwa na maneno ya asali. Ana kwa ana alikuwa na vituko vyake. Kila mara alikaa upande wa kushoto wa Toakase, ili aonekane shavu la kulia tu, ukimhamisha, alijirudisha. Miwani ya jua alivaa hata mvua inaponyesha. Akinywa chai, aliinua leso mpaka machoni kama bi harusi. Toakase aliona ni maringo tu, akayasamehe, maana mwanamume asiyeringa hata kidogo hapendezi.

Jioni moja akamwuliza simuni, "Hebu niambie kweli. Siku ile ya kwanza, mtu hunijui, ulinikonyeza kwa nini mbele ya watu?"

Uaisele akakohoa, akakohoa tena, hata Toakase akadhani amepaliwa.

"Uaisele?"

"Nipo, laazizi. Jicho... jicho lilikuona kabla yangu."

Toakase alikaa chini palepale, mwiko mkononi. "Basi kijicho chako hicho cha kushoto ndicho kilichoniponza," akasema. "Kitunze. Hicho ni changu."

Upande wa pili Uaisele akashusha pumzi ndefu. Toakase akadhani ni mahaba.

Mwezi uliofuata Uaisele akamwalika Ha'ateiho. "Jumapili, baada ya ibada, kuna chakula ukumbini. Nataka shangazi Melenaite akuone."

Shangazi, dada wa baba, kwetu ndiye mkubwa wa ukoo kwa watoto wa kaka yake. Akisema huyu aolewe, ataolewa. Akisema huyu arudi kwao, funga virago. Na shangazi Melenaite habari zake zilifika mpaka Nuku'alofa: alikuwa amevunja posa mbili za binamu zake Uaisele kwa sababu ya namna wachumba walivyokata kuku.

Toakase alivaa vazi la hariri ya zambarau, akajipaka mafuta ya nazi yaliyotiwa maua, akachagua kiekie iliyomgharimu usingizi wa wiki nzima kuisuka. Akakaa safu ya nyuma. Kwaya ikasimama, sauti za kwanza kushoto, za chini kulia, na Uaisele akapanda kijukwaa, miwani mfukoni, maana mchungaji hakubali miwani ya jua kanisani.

Akainua mikono. Wanawake wa sauti ya kwanza wakaingia kabla ya wakati. Wakasimama, wakaanza upya. Katikati ya ubeti wakaingia tena mahali pasipo pao. Toakase akasogeza kichwa aone kuna nini. Akaona. Kila Uaisele alipowageukia, unyusi wa kushoto ulikuwa ukipanda na jicho likikonyeza, likikonyeza, likikonyeza, kuelekea wanawake kumi na wawili waliovaa meupe! Nao walikuwa wakitii!

"Loo," akajisemea. "Kumbe lile jicho ni la jumuiya."

Lakini hilo lilikuwa la kuonja tu. Ukumbini meza zilijaa nguruwe wachanga wa kuchoma, kamba-mti, na majani ya majimbi yaliyookwa na nyama na tui. Shangazi Melenaite alikaa mwisho wa meza, mnene, mweusi tii wa mavazi, mkeka wa kiunoni umemfika kifuani. Kando yake alikaa mwalimu mmoja wa kike kutoka visiwa vya Vava'u, Kalolaine, mdogo wake mke wa mchungaji. Uaisele alikuwa ndio kwanza ametia mdomoni tonge kubwa la majani na tui, akimtafuta Toakase kwa macho amwite, shangazi alipogonga glasi kwa kijiko.

"Jamaa," shangazi akasema. "Mtoto wa marehemu kaka yangu amekaa peke yake mpaka majokofu yanamwita baba. Uaisele! Nikikuombea binti huyu Kalolaine, utamwoa?"

Uaisele akatoa macho. Tonge lilikuwa la moto, kumeza hakuweza, kutema mbele ya shangazi hakuthubutu. Na uso ule, kila ulipohofu ndivyo ulivyocheza. Unyusi wa kushoto ukaruka juu. Jicho likafumba. Mdomo ukavutwa kwa kicheko.

"Amekubali!" shangazi akanguruma. "Na amemkonyeza mwenzake! Mtoto huyu alikuwa akingoja kuulizwa tu!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mama mmoja akainuka akacheza. Kalolaine akainamisha uso. Uaisele alipopata kumeza, alisema neno, lakini nani amsikie? Na alipofika meza ya nyuma ukumbini, kiti cha Toakase kilikuwa kitupu.

Simu zikalia jioni ile. Toakase alizitazama zikilia mpaka zikachoka. Kesho yake akapokea moja.

"Mpenzi wangu, nisikilize..."

"Mpenzi wako ni mwalimu. Mwambie akufundishe kufumba macho yote mawili."

"Sikukubali, Toakase! Haki ya Mungu sikukubali!"

"Nilikuwepo! Kwa macho yangu haya mawili, yasiyokonyeza ovyo, nilikuona. Ulisema ndiyo mbele ya ukoo, na jicho ukampa. Lile lile ulilonipa mimi."

"Lile jicho... siyo..."

"Hata uongo umekuishia," Toakase akasema, akakata. Halafu akalia mpaka pua ikawa nyekundu kama nyanya. Alijua watu watakavyosema: mjane mzima, amedanganywa kwa kope.

Wiki mbili zikapita, na mkeka wa posa wa kina Kalolaine ukawa tayari umeanikwa juani Ha'ateiho. Ndipo Jumamosi moja Vasa akafika sokoni mananasi yakimwanguka mikononi.

"Shoga, hujasikia? Wanafukua kaburi la baba yake Uaisele! Leo hii!"

"Kwa nini? Wamepoteza nini?"

"Kwa ajili ya uso wake! Shangazi yake anasema bwana harusi hawezi kusimama madhabahuni uso ukimcheza hivyo, anamkonyeza hata mchungaji. Si unajua wazee wanavyosema, mzizi ukimbana marehemu kaburini, mwanawe aliye hai huumia mahali palepale; basi lazima kuna mzizi unambana marehemu kichwani. Inasemekana mwaka wa pili huu. Ilianza kope ya chini, ikateremka shavuni, sasa mpaka mdomo. Anaficha."

Toakase alikuwa na kiekie mkononi. Ikamdondoka. Shavu la kulia. Miwani kwenye mvua. Leso ya chai. Wanawake kumi na wawili wa sauti ya kwanza. Yote yakajipanga mbele yake kama sahani juu ya meza.

"Niangalizie meza," akasema, na alikuwa tayari amevua kandambili ili akimbie vizuri.

Makaburi ya Ha'ateiho yako pembeni mwa barabara, chungu za mchanga mweupe, maua ya plastiki na mashuka ya rangi yaliyotundikwa. Shangazi Melenaite alisimama chini ya mwavuli akiamrisha wachimbaji. Kina Kalolaine walikuwa wameketi mkekani. Uaisele alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, taulo usoni, amesinyaa kama nguo iliyolala kwenye maji.

"Polepole hapo!" shangazi akasema. "Huyo ni kaka yangu, si kiazi!"

Mchimbaji mmoja akainua mkono. Kweli bwana: mzizi wa mvinje, mnene kama kidole gumba, ulikuwa umepita kando ya fuvu, upande wa kushoto. Watu wote wakavuta pumzi. Shangazi mwenyewe akaukata, akalipaka fuvu mafuta, akalifunika kwa kitambaa cha magome polepole, maana alimpenda sana kaka yake. Kisha wote wakamgeukia Uaisele.

Taulo likashuka. Uso ulikuwa umetulia. Ukatulia kidogo. Ukatulia zaidi. Mchungaji akaanza sala ya shukrani, ndefu, akamtaja Bwana, akautaja mvinje, na ilipofika "Amina" unyusi wa kushoto ukapaa, jicho likafumba, na Uaisele akamkonyeza mchimba kaburi.

Mtu akaguna. Mwingine akacheka kwa kujiziba. Punde kicheko kikaenea makaburini kote.

"Kuna mzizi mwingine!" shangazi akapaza sauti. "Chimbeni!"

"Hapana, mama," Toakase akasema.

Alikuwa amesimama peku, mchanga miguuni, akihema. Uaisele aliinuka mpaka ndoo ikabingirika.

"Tangu lini?" Toakase akamwuliza. Hakuna salamu.

"Karibu miaka miwili."

"Na siku ile sokoni?"

Akainamisha kichwa. "Ulikuwa uso tu. Sikukukonyeza. Nilikuwa nimechoka na jua, na jicho likichoka linacheza zaidi."

"Kwa hiyo kiekie tatu..."

"Sikuzitaka hata moja."

"Na hukusema! Niliyasema maneno yote yale kwenye simu, nawe unanisikiliza tu!"

"Ulisema kijicho hiki ndicho kilichokuponza, nikitunze," Uaisele akasema. "Hospitali sikwenda. Kwanza niliogopa wataniambia ni kiharusi. Halafu nikaogopa wataniponya. Nikajiuliza, likinyamaza, atabaki kupenda nini?"

Toakase alitaka kumpiga kofi na kumkumbatia. Kwa kuwa mikono ilikuwa miwili, alimshika mabega tu, akamtikisa. "Mjinga wewe! Jicho lilinisimamisha. Aliyenikalisha ni yule wa simu!"

"Binti," shangazi akaingilia, mwavuli umeelekezwa kama mkuki, "wewe ni nani? Huyu ni mchumba wa watu. Alikubali mbele yangu."

"Mdomo wake ulisema nini, mama?"

"Mdomo ulikuwa na chakula. Nyusi ndizo zilizosema."

"Nyusi, au unyusi?" Toakase akazipandisha zake zote mbili, zikapanda pamoja, kisha akazishusha. "Hivi ndivyo tunavyokubali tangu enzi za mababu. Zote mbili, na macho wazi. Wake ulipanda mmoja, mama, na jicho likafunga. Uliketi upande wake wa kushoto. Huo wa kulia hukuuona. Wa kulia haukusema kitu. Umemchumbia nusu ya mtu."

Shangazi Melenaite alimtazama mpwawe uso mzima, kulia kisha kushoto, kama anayekagua mkeka. Wakati huohuo uso ukacheza, kushoto peke yake, na upande wa kulia ukabaki umetulia na macho yake ya huzuni.

"Bwana wee," shangazi akasema polepole.

"Na mimi niseme," akadakia Kalolaine kutoka mkekani, naye amesimama tayari. "Nina mtu wangu Vava'u. Nilinyamaza kwa sababu kaka huyu alikubali mbele ya kanisa, nikaona aibu kumkana hadharani. Mkinifungulia mlango, leo hii napanda meli."

Hospitalini walienda wanne, kwani Vasa alifunga mananasi yake asikose. Shangazi aliingia mpaka chumba cha daktari bila kuitwa. Daktari Fifita alikuwa mwanamke kijana mwenye subira. Akamwambia Uaisele afumbe macho kwa nguvu, apige mluzi, atabasamu, akamtazama unyusi ukipanda huku jicho likifunga.

"Hiki si kiharusi," akasema. "Kiharusi hulegeza uso, huu unakazwa. Kuna mshipa wa fahamu unaotoka kichwani kuja kuendesha nyama za upande huu. Mara nyingi, nyuma huko karibu na ubongo, mshipa wa damu huwa umeulalia. Kila damu inapodunda unausugua, na uso unaamrishwa bila mwenyewe kutaka. Ukipata nafasi, nenda Auckland, ng'ambo, upigwe picha ya kichwa, tuwe na hakika hakuna uvimbe unaobana."

"Yaani kuna kitu kinachombana kichwani," shangazi akasema.

"Ndiyo, mama."

"Chembamba, kirefu, kinachojipenyeza."

"Ndiyo."

"Mzizi," shangazi akasema, akaegemea kiti kwa ushindi.

Daktari akatabasamu. "Tuuite mzizi, mama. Ila uko kwake, marehemu hahusiki."

Akawaeleza dawa. Zipo sindano ndogo za kulegeza nyama, huchomwa kuzunguka jicho na shavuni. Baada ya siku chache uso hutulia, miezi mitatu hivi, kisha hurudiwa. Haziponyi chanzo. Anayetaka kukiondoa hupasuliwa nyuma ya sikio nchi za nje, akatiwa kisponji kidogo baina ya mshipa na mshipa ili isisuguane. Wengi hupona kabisa, lakini ni kichwa hicho, na sikio linaweza kudhurika, kwa hiyo mtu afikiri bila haraka.

"Sindano," Uaisele akasema. Akamgeukia Toakase. "Likinyamaza..."

"Linyamaze. Nimelisikia vya kutosha."

Shangazi alimshika mkono wakati wa kuchomwa, na ndiye aliyepiga kelele.

Wiki ile Melenaite alifanya jambo ambalo Ha'ateiho hawakuwahi kuliona. Alijifunga mkeka mkuukuu uliochanika, ule wa kuombea radhi, akaenda kwa mchungaji na nguruwe mmoja mkubwa, akakaa chini mlangoni, akasema, "Nilimposea mtu asiyejibu. Nisameheni." Wakamsamehe, wakamla nguruwe.

Jumapili ya pili yake Toakase aliitwa chai nyumbani kwa shangazi, barazani. Uso wa Uaisele ulikuwa umetulia kama maji ya ghuba. Ila dawa ilikuwa imezidi kidogo upande wa chini, kama daktari alivyoonya, na pembe ya mdomo ikalegea kwa muda. Kila akinywa, chai ilimtiririka kidevuni mpaka kwenye shati jeupe.

"Nilitaka nikuulize kitu," akasema, "lakini si kwa uso huu. Tungoje mdomo ukaze."

"Uliza. Nitakupangusia."

Akaweka kikombe chini. Alitafuta maneno ya asali yale ya simuni, hayakuja hata moja. "Toakase, mimi natengeneza majokofu, namwaga chai, na baada ya miezi mitatu pengine nitaanza kuwakonyeza wachungaji. Utaolewa nami?"

Toakase akamfuta kidevu kwa ncha ya mtandio wake, bila haraka, kona hii na ile. Alimtazama uso mzima, na uso ule ulikuwa ukimngoja kotekote.

"Ndiyo," akasema.

"Sikusikia!" sauti ya shangazi ikatoka dirishani, karibu mno kwa mtu aliyesema anakwenda kulala. "Imepita pikipiki! Aseme tena, aseme kwa mdomo, na aseme kwa nguvu! Nyumba hii haikubali tena vya kubahatisha!"

Toakase akasimama, akajaza kifua pumzi, akalitamka tena, na nguruwe waliokuwa wamelala chini ya baraza wakakurupuka wakakimbilia barabarani, shangazi akiwasindikiza kwa vigelegele.